Aliyenitibu Bila Kuniona

Niliwahi kuanguka uani kwa mama mkwe nikiwa nimevaa leso ya mke wangu, kifua wazi, saa ya asubuhi jua likiwaka. Nimeanza na hilo ili kama unataka kucheka, ucheke sasa tumalizane. Ndugu zangu walinicheka miaka, na mimi nikacheka nao kwa mdomo. Ndani nilikuwa naungua.

Mtu wa kwingine atauliza, kwani nini? Mtu ameanguka, ainuliwe, maisha yaendelee. Lakini mimi ni Mkamba, na kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni. Ukikitafsiri haraka utasema ni aibu, ila ni aibu iliyochanganywa na heshima mpaka huwezi kuzitenganisha, na inakaa hasa kati ya mwanamume na mama aliyemzaa mkewe. Hamwangaliani usoni. Hamli pamoja. Hamsemezani, isipokuwa kupitia mtu wa tatu. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani kama anayetafuta kuni. Miaka ile ya tisini wengi walikuwa wameshaacha, hasa wale wa mjini, lakini mimi nilioa Kivaa, kwa Wakatoliki wa zamani waliosali rozari kila jioni na kushika nthoni vilevile.

Wakati huo nilikuwa nachonga mawe Lukenya. Kazi ya nyundo na tindo, vumbi mpaka kwenye meno. Kwanza kilikuja kikohozi, nikakiita vumbi. Halafu jasho la usiku, nikaliita joto la mabati. Halafu kikaja kile chenyewe, maumivu nyuma ya mfupa wa kifua upande wa kushoto, makali, kama mtu anayekupiga msasa ndani. Nikilala chali, naona moto. Nikikaa nikainama mbele, kinatulia. Nikawa nalala nimekaa, nimekumbatia magoti. Wenzangu wa chumba wakaanza kuniangalia kwa yale macho. Miaka ile mwanamume akikonda na kukohoa, watu walikuwa wameshamwandikia ugonjwa na kumtafutia mwanamke wa kulaumiwa. Kuna mmoja aliacha kutumia kikombe changu. Nilimtukana vibaya sana, halafu nikaenda nyuma ya jiwe nikalia, kwa sababu hata mimi nilidhani ana haki.

Kwa nini sikwenda hospitali? Kwa hofu ya kuonwa nimepanga foleni. Hakuna sababu nyingine.

Wazazi wangu walikuwa wamekufa zamani. Mke wangu alikuwa Kivaa na mtoto wetu mchanga, amekwenda kumsaidia mama yake kuvuna ndengu. Nikatuma ujumbe kwa mtu, jibu likarudi kwa mtu: njoo, mama anajua dawa ya kifua. Kwa hiyo nikaenda kuugua ukweni. Kwetu mwanamume anakwenda ukweni na mbuzi, na sukari, na koti. Mimi nilikwenda na kikohozi. Walinipa kibanda kilichokuwa cha shemeji yangu aliyehamia Matuu, cha udongo, na gunia la ndengu la kuegemea kwa sababu kulala sikuweza. Mama mkwe aliposikia nimefika alitoka kwa mlango wa nyuma, akapita shambani ili tusikutane. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kunikaribisha, na ilikuwa ya heshima kamili.

Sasa, yule mama alikuwa anajua miti. Hakuwa mganga wa mizimu, hilo alilichukia, na padri alimfahamu. Alikuwa na mizizi, magome na majani tu, na watu walitoka mbali kumwona. Akitibu mtu alianza kwa kumtazama. Anamzungusha, anambonyeza, anamfungua macho, anamnusa mdomo, ndipo anaanza kufikiri dawa gani. Mke wangu alinisimulia haya tukiwa wachumba, kwa majivuno.

Mimi sikutazamwa. Ilikuwaje? Mama alikaa nje ameegemea ukuta, mimi ndani nimeegemea gunia, na mke wangu akasimama mlangoni. Ukuta wenyewe ni wa udongo, una nyufa, kila neno nalisikia. Lakini lazima ningoje.

"Muulize baba ya mtoto inamuuma wapi."

"Anauliza inakuuma wapi."

"Nimesikia."

"Basi si ujibu."

"Mwambie hapa." Nikaonyesha kifua changu. Mke wangu akageuka nje, akaweka mkono kwenye kifua chake mwenyewe, pale pale, akamwonyesha mama yake. Nilisikia mama akimwambia asogee kwenye mwanga, abonyeze tena, zaidi kidogo, hapo. Ndivyo nilivyochunguzwa. Ugonjwa wangu ulitazamwa kwenye mwili wa mwanamke mzima wa afya, anayenyonyesha, mwenye shingo nzuri na miguu isiyo na kasoro.

Baada ya kufikiri akasema moyo una ngozi inayoufunika, na ngozi hiyo imevimba, imeshika moto kama goti la mtu wa baridi yabisi. Alikuwa hayuko mbali na ukweli, nilikuja kujua baadaye. Na kwa goti la namna hiyo dawa ni muteta. Mzizi huo tunao wote kwetu, wazee wanauchemsha kwenye supu ya mifupa viungo vikiuma. Alikwenda mlimani mwenyewe akauchimba. Baba mkwe akachinja mbuzi. Mizizi ikachemka na kichwa na miguu kutwa nzima mpaka supu ikawa na rangi ya chai ya rangi, kisha akaipekecha na kuiongezea mafuta ya figo. Ilikuwa chungu ajabu. Uchungu wake unaanzia kwenye ulimi unaishia masikioni. Na pamoja na supu, kukandwa: majani yanapashwa moto, yanafungwa kwenye kitambaa, yanabanwa kifuani. Kukanda alikuwa akikanda mke wangu, mama akielekeza kutoka nje. Juu kidogo. Usiache baridi iingie. Mwambie asivae shati.

Nisikudanganye, maumivu yalipungua. Wiki ya pili ikiisha ule msasa ulikuwa umebaki kidogo tu, na baadaye ukanyamaza kabisa. Unajua furaha ya nyumba ile? Baba mkwe alianza kunisemea kwa majirani: mkwe wangu yuko sawa. Mke wangu akaanza kuimba tena akiosha vyombo. Mama mkwe alisikika nje akisema kwa sauti ya kujizuia, "Nilijua itaitikia." Wakachinja mbuzi wa pili ili tusikatishe dawa.

Lakini kulikuwa na mambo mengine, na hapa ndipo aibu yangu ilipofanya kazi yake. Pumzi ilikuwa inafupika. Kutoka kitandani mpaka mlangoni nilikuwa nasimama njiani kama mzee. Miguu ikaanza kuvimba, nikibonyeza kidole kinaacha shimo. Tumbo likajaa, suruali ikakataa kufunga, ndiyo maana nikaanza kuvaa leso ya mke wangu nikiwa ndani. Na uvimbe haukuishia miguuni, mwanamume atanielewa. Sasa hayo nitayapeleka vipi mlangoni? Mke wangu atamwonyesha mama yake kwa kushika wapi? Nikamwambia, ukithubutu kumwambia mama yako habari ya huu uvimbe, mimi na wewe basi. Alilia. Akaniambia, "Yeye ndiye anakutibu, amejua nusu tu." Nikamfokea. Mimi nina hasira za karibu, na mgonjwa akiwa na hasira watu wanamwachia.

Kila asubuhi swali lilikuja kupitia ukuta, na kila asubuhi nilijibu kwa sauti, nikijua anasikia: "Mwambie niko sawa." Watu wamekulisha mbuzi wawili, umelala kwao, huna hata kilo ya sukari uliyoleta. Utasema nini?

Asubuhi yenyewe mke wangu alikuwa amekwenda kisimani na mtoto mgongoni. Baba mkwe alikuwa amepeleka ng'ombe. Nilihisi haja, nikasema nitajikokota, choo si mbali. Niliinuka na leso yangu kiunoni, kifua wazi kwa ajili ya kukandwa. Nje mwanga ukanipiga. Niliona mgongo wa mama mkwe, amekaa chini anapepeta ndengu, amenipa kisogo kama alivyokuwa akikaa siku zote upande ule. Nilitaka kurudi. Badala yake nikaenda chini mzima mzima, na mdomo wangu ukajaa vumbi.

Ungo ukanyamaza. Hakugeuka.

Nilisikia pumzi yake. Alijua nani ameanguka, maana hakukuwa na mwingine. Na hakukuwa na mtu wa tatu. Pembeni kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye mti, yule ambaye angekuwa wa tatu kuchinjwa kwa ajili yangu. Mama mkwe akageukia huyo mbuzi.

"Wewe mbuzi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "hebu muulize baba ya mtoto kama anaweza kuinuka."

Nikakusanya pumzi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu mbuzi. "Mwambie hawezi."

"Muulize kama ni mguu umemteleza."

"Mwambie si mguu."

"Muulize basi ni nini."

Hapo sikujibu. Si kwa ukaidi. Pumzi ilikuwa haiji. Nilikuwa nimelala kifudifudi nikijaribu kuinua kichwa, naona kucha za vidole vyangu zimekuwa za bluu, na wazo langu lilikuwa moja tu: leso imenifunika mpaka wapi? Nilikuwa nakufa, na hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza.

Alimuuliza mbuzi mara nyingine. Kisha nikasikia ungo ukitupwa na ndengu zikimwagika. Alikuja. Kwanza alinirushia mtandio wake mgongoni, akanifunika, halafu akanishika kwapa zote mbili akanikalisha, akanigeuza kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake akanitazama usoni. Alitazama mishipa ya shingo yangu iliyokuwa imesimama. Akashuka. Akatazama miguu. Akabonyeza kidole, akaangalia lile shimo likikataa kujaa. Nilifumba macho.

"Tangu lini?" Aliniuliza mimi mwenyewe.

Akaweka sikio kifuani kwangu. Nywele zake zilinuka moshi. Alikaa hapo kwa muda mrefu, akahamisha sikio, akatafuta tena.

"Hii siijui," akasema. "Siusikii moyo vizuri. Dawa yangu imeishia hapa, twende hospitali."

Simu za mkononi zilikuwa za watu wa Nairobi. Kilichokuwepo ni Landrova ya mzee mmoja wa Kisomali aliyekuwa akinunua mbuzi sehemu zile siku za soko, na bahati nzuri alikuwa kwa jirani akibishana bei. Mama mkwe alikimbia kichwa wazi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Yule mzee alikuja, akanitazama, akashusha nusu ya mbuzi wake bila kuulizwa. Tatizo likawa namna ya kunibeba. Kulala siwezi, na kuegemea nyuma ndiyo mbaya zaidi. Ni lazima niiname mbele. Mama mkwe akapanda nyuma akakaa, akanigeuzia mgongo, akasema, "Niegemee." Nikasita. Mzee wa Kisomali akasema, "Kijana, egemea mama." Kwa hiyo nikaweka kifua changu kitupu kwenye mgongo wa mama mkwe wangu, mikono juu ya mabega yake, shavu kwenye shingo yake, na akanifunga kwake kwa leso yake ya kiunoni kama mtoto wa kubebwa.

Tulipita Matuu hivyo. Soko limejaa, maembe yamepangwa kando ya barabara, na shemeji zangu wana kibanda pale pale kwenye kituo. Watu walitutazama. Nilimsikia mmoja akisema, huyo si mkwe wake? Nilificha uso. Yeye alikuwa ameinua wa kwake, nilisikia shingo yake ilivyokaza. Hakumsalimu mtu.

Machakos mjini daktari alikuwa kijana mrefu, mpole, asiyepoteza maneno. Alisikiliza kifua, akaleta mashine, akasema kuna maji yamejaa kuuzunguka moyo, yanaukaba, na lazima yatolewe sasa kwa sindano. Nilikaa kitandani nimeinama mbele. Alitaka mtu wa kunishika mabega nisitikisike, na muuguzi alikuwa peke yake. Akamwangalia mama mkwe.

"Mama, wewe ni nani wake?"

Huyu mama hakuwa mtu wa uongo. Nilifungua macho nimwone atasemaje, maana akisema mkwe, yule muuguzi alikuwa mtu wa kwetu, angeelewa, angemtoa nje kwa heshima.

"Mimi ni mama yake," akasema. "Nimemzaa."

"Basi mshike mtoto wako vizuri."

Akanishika. Paji la uso wangu lilikuwa kwenye tumbo lake. Sindano ilipoingia nilimng'ang'ania kiunoni na nikalia kwa sauti, mwanamume mzima mwenye mtoto, na alichosema ni "nyamaza, nyamaza" kwa Kikamba, vile wanavyobembelezwa watoto. Maji yalitoka mengi, yana rangi ya damu. Na pumzi ikaja. Sijui nikueleze vipi. Ilikuja yote.

Kesho yake daktari alituambia ni kifua kikuu kilichofika kwenye ngozi ya moyo, na kina dawa, na nitapona nikimeza vidonge miezi yote bila kukosa. Akauliza nilitumia nini nyumbani. Mama mkwe akafungua pindo la leso akamwonyesha kipande cha muteta. Daktari alikinusa. Hakumgombeza.

"Maumivu yalipungua?" akauliza.

"Yalipungua. Tulifurahi."

Akaeleza polepole, akitumia viganja vyake viwili. Ngozi mbili zinasuguana, ndipo inauma. Maji yakiingia katikati, hazigusani tena, uchungu unakwisha. "Kwa hiyo alipopata nafuu ndipo alipokuwa anazidiwa," akasema. "Inadanganya wengi, mama, hata sisi."

Mama mkwe akakichukua kile kipande. "Na miguu, na shingo? Kama ningemwona tangu mwanzo?"

"Hiyo ungeiona," daktari akasema. "Ungemleta mapema."

Mama mkwe akakifunga kwenye pindo, akafungua, akafunga tena. Mimi nilijifanya nimelala. Mke wangu alifika mchana na mtoto, na mama yake akatoka wodini kabla sijafungua macho, akalala kwenye benchi la nje mpaka aliponiona natembea.

Nilirudi Kivaa nimekonda lakini napumua. Wazee wa ukoo wa mke wangu walikuwa wameshakaa kikao. Walisema, bila ubaya, kwamba mambo yameharibika: mkwe ameonekana uchi nusu, amebebwa mgongoni sokoni, amemshika mama mkwe kiunoni. Ni lazima nitoe mbuzi wa kufuta aibu, na mpaka hapo yule mama asitoke nikiwa uani. Nilikubali haraka. Nilikuwa tayari kutoa chochote ili nisiwe mtu wa hadithi ile. Ningepona kwanza, nikachonge mawe, nilete mbuzi, tuendelee kutoonana.

Yeye alikuwa jikoni anasikia. Akatoka. Amebeba sahani moja ya muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na vijiko viwili. Alipita katikati ya wazee, akakaa mbele yangu kwenye kigoda, magoti yake karibu yaguse yangu, akaweka sahani kati yetu. Baba mkwe alisema jina la Mungu polepole.

"Daktari aliniuliza huyu ni nani," akawaambia, akinitazama mimi. "Nikasema nimemzaa. Sasa mnataka nile mbuzi kwa kumshika mtoto wangu?"

Mzee mmoja akasema, kwa upole, kwamba hayo ni maneno ya hospitali tu, ya kupata matibabu, kila mtu anaelewa.

"Mimi sielewi. Nimekaa nje ya ukuta mwezi mzima nikimpikia mtu nisiyemwona. Anavimba, ninampikia. Anakufa, ninampikia. Mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa na watu wa kila mahali, na wangu nimemtibu kwa kisogo." Sauti yake ilivunjika, akaingoja irudi. "Angekufa, mngesema nilimheshimu sana."

Akanisukumia kijiko.

Nilikula. Nilikula nikitazama muthokoi, punje moja moja, masikio yanawaka, wazee wote wananiangalia, na mke wangu mlangoni amejifunika mdomo kwa mkono.

"Niangalie," akasema mama mkwe.

Nilitaka ardhi ipasuke. Niliinua uso nikamwangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, na aliona aibu kama mimi, labda kunizidi, lakini hakuyaondoa. Tukabaki hivyo, tunakula na kuoneana haya mpaka sahani ikaisha.